Chevrolet C10 ya 1974, V8 350: nichonge silinda hadi saizi gani, na nifunge vipi hapa Mbeya?

Uyole350

Wakuu, heshima kwenu. Gari ni pikapu, Chevrolet C10 ya 1974, V8 ya 350 (lita 5.7), kabureta Rochester Quadrajet, distribyuta ya platini. Namba ya kalibu nyuma ya bloku ni 3970010. Injini imeshashushwa na kufunguliwa yote. Pistoni zilizotoka ni standadi, kwa hiyo bloku haijawahi kuchongwa.

Kabla ya kushusha ilikuwa inatoa moshi wa bluu ikivuta mlima, na ukishuka Mlima Nyoka umeachia mafuta kisha ukakanyaga, wingu linabaki nyuma. Presha ya oili ikishapata moto ilikuwa psi 8 kwenye silensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta). Kompresheni kwa psi, upande wa kushoto (1, 3, 5, 7): 118, 112, 74, 115. Upande wa kulia (2, 4, 6, 8): 120, 110, 108, 116. Silinda ya 5 ukiitilia kijiko cha oili inapanda hadi 105.

Vipimo baada ya kufungua: silinda ya 5 imelika juu thau 9 (thau ni elfu moja ya inchi) kuliko chini, nyingine kati ya thau 4 na 6. Jono za konrodi (shingo za krenki zinaposhika konrodi), ndogo kuliko zote ni 53.24 mm na ina michirizi inayoshika ukucha. Jono za meni (zile krenki inapokalia bloku) ziko 62.19 hadi 62.20 mm, laini.

Fundi wa mashine anashauri tuchonge silinda moja kwa moja hadi thau 60, au tupige silivu (mirija mipya ya kupachika ndani ya silinda) zote nane, na krenki ishuke 20 kote "ili kazi iwe moja". Spea zinaagizwa Marekani, nikikosea oda nasubiri upya. Naomba kujua: silinda ziende saizi gani, krenki ishuke kiasi gani, na ni wapi watu huharibu wakifunga hizi 350? Halafu kompresheni ya 110 ni mbovu kiasi gani? Kila kitabu kinataja 150.

FundiMaikromita

Mkuu, asante kwa kuja na vipimo. Ungeandika tu "inakula oili" tungebaki kubahatisha.

Usichonge kitu chochote kabla pistoni hazijafika mkononi. Hilo ni la kwanza. La pili, 60 hapana. Kuta za silinda za bloku hii zilitoka kiwandani na unene usiolingana, kwa sababu viini vya mchanga kwenye kalibu husogea wakati chuma kinamwagwa. Ukitoa thau 60 unaweza kubakiza ukuta mwembamba upande mmoja, silinda ikipata moto inavimba kuelekea huko, ringi zinashindwa kuifuata, na gari linachemka kila likipanda. Tena ukishafika 60 bloku haina safari nyingine zaidi ya silivu.

Kulika thau 9 hakumaanishi lazima uondoe sana. Thau 30 (thau moja ni 0.0254 mm) itasafisha silinda ya 5 na kubakiza nyama. Silinda zote nane zinakwenda saizi moja. Silivu ni ya silinda yenye ufa, au kutu lililochimba shimo ambalo 30 haliondoi. Kupiga silivu nane kwenye bloku ambayo haijawahi kuchongwa ni kulipia kazi usiyoihitaji.

Sasa mtego unaoua injini za inchi mikononi mwa mafundi waliozoea Toyota na Isuzu. Fundi wa mashine akisikia "saizi ya tatu" anachonga 0.75 mm. Thau 30 ni 0.762 mm. Silinda yako standadi ni inchi 4.000, yaani 101.60 mm. Ya 30 ni inchi 4.030, yaani 102.36 mm. Akienda na 0.75 utapata 102.35. Mia moja ya milimita inaonekana si kitu, ila nafasi ya pistoni ya kawaida kwenye silinda ni thau 1.5 hadi 2 tu, sawa na 0.04 hadi 0.05 mm, na umeshamega robo yake. Injini itawaka vizuri asubuhi, halafu itajikaba ikipanda mlima imepata moto. Pistoni za kufuliwa (forged) zinataka nafasi kubwa zaidi, thau 4 na kuendelea, kwa hiyo soma karatasi iliyo ndani ya boksi lake. Mpe fundi pistoni zenyewe, zipimwe moja moja kwenye sketi, kila moja iandikwe namba ya silinda yake, na silinda ichongwe kuifuata. Sehemu ya mwisho, thau 3 hadi 4, iondolewe kwa mawe ya honingi na si kwa kisu cha kuchongea. Michirizi ipishane kama nyuzi 45. Mawe ya 220 kwa ringi za chuma cha kawaida, 400 kwa ringi za molibdeni.

Krenki: jono ya konrodi standadi ni 53.31 hadi 53.33 mm. Ya kwako ya 53.24 imeshatoka, kwa hiyo konrodi zote zishuke thau 10, zisomeke kati ya 53.06 na 53.08. Meni ziko ndani ya kiwango (62.19 hadi 62.21), hizo ni kupiga polishi tu. Metali za konrodi utaagiza za 10 na za meni standadi. Hakuna sheria inayosema lazima zilingane. Kushusha 20 kote ni kutupa chuma. Fundi aache kona ya mviringo pale jono inapokutana na shavu la krenki. Ikichongwa kona kali, ufa huanzia hapo. Na matundu ya oili yapigwe pembe kidogo kisha yasafishwe kwa brashi.

Kuhusu pistoni, soma urefu kutoka katikati ya pini hadi juu ya kichwa. Zipo za inchi 1.560 (39.6 mm), ambazo ndizo za asili, na zipo za 1.540, fupi kwa thau 20, zilizotengenezwa kwa bloku ambazo uso wake umeshachongwa. Bei inafanana na picha zinafanana. Kwa silinda hedi yenye chumba cha sisi 76 (sentimita za ujazo), gasketi ya thau 40, pistoni ya kichwa bapa yenye vikato vinne, na pistoni ikiishia thau 25 chini ya uso wa bloku, ile ya 1.560 inakupa kompresheni ya karibu 8.6 kwa 1. Ile fupi inakupa karibu 8.3. Mbeya kuna hewa nyepesi, usikubali kupoteza hata hicho kidogo. Usiagize zenye bakuli.

Mkwawa_V8

Kamwene wakuu. Nijibu la kompresheni, maana hili huwafungulisha watu injini nzima.

Hiyo 150 ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Mbeya mko kama mita 1,700, na shinikizo la hewa huko ni pungufu karibu asilimia 18 kuliko Dar. Silinda inayosoma 150 Dar itasoma kama 122 kwenu, bila ubovu wowote. Kwa hiyo 118 na 120 zako si mbaya hata kidogo, na hata 110 ni uchovu wa kawaida. Mgonjwa ni namba 5, na kwa kuwa ilipanda ulipotia oili, tatizo ni ringi na silinda. Ingebaki pale pale ningekuambia valvu. Kipimo kinachosema kweli ni uwiano: silinda ya chini isipungue asilimia 70 ya ile ya juu. 74 kwa 120 ni asilimia 62.

Vakyumu vivyo hivyo. Kila futi 1,000 za mwinuko unapoteza kama inchi moja ya zebaki. Injini nzima inayosoma 18 Dar itasoma 12 au 13 Mbeya. Mtu asiyejua hilo atasogeza taimingi na kubadilisha gasketi za intake mpaka achoke.

Ule moshi baada ya mteremko ni dalili ya pili, tofauti na ringi. Ukishuka umeachia mafuta, vakyumu inakuwa kubwa na kunyonya oili kupitia gaidi za valvu, halafu ukikanyaga inaungua yote kwa pamoja. Moshi wa kupanda ni ringi. Wewe unayo yote mawili, kwa hiyo usitumie hela zote kwenye bloku ukarudisha silinda hedi kama zilivyo. Shika valvu ikiwa imeinuka kidogo, itikise. Gaidi mpya ina nafasi ya thau 1 hadi 2.7 kwenye shina la valvu. Ukiona inacheza kwa macho, imepita mbali. Siti za intake upana 0.8 hadi 1.6 mm, za egzosti 1.6 hadi 2.4, nyuzi 46 kwenye siti na 45 kwenye valvu. Siti ya egzosti ikiwa nyembamba kama uzi haiwezi kupitisha joto kwenda kwenye maji, valvu inaungua.

Hedi za 1970 kurudi nyuma zilitegemea petroli yenye risasi kulainisha siti, na hiyo petroli iliondoka kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Za 1974 siti zake za egzosti zilikomazwa kiwandani. Ila ukichonga siti kwa kina unaondoa ule ugumu, na hapo utalazimika kuweka siti za kupachika.

Jeti za kabureta nitarudi baadaye, kwanza mfunge injini.

TunduluTu

Mkuu, kwa gharama hizo si upachike 1HZ ya Land Cruiser tu? Dizeli, spea kila kona, fundi yeyote anaijua.

Uyole350

Ahsante kwa ushauri mkuu, ila swali ni la 350.

NatiNusuInchi

Nizungumzie kufunga. FundiMaikromita amemaliza ya mashine, nina nyongeza mbili tu kwake. Bloku ikirudi kutoka kuchongwa, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa brashi, silinda moja baada ya nyingine. Petroli haiondoi unga wa mawe, inausukuma tu ndani ya michirizi. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili, kikitoka na kijivu rudia. Ni kazi ya saa mbili ambayo haionekani, ndiyo maana inarukwa. Na kama huna geji ya kupimia silinda, tumia ringi: isukume kwa pistoni ikae sawa, pima pengo juu, kisha pima chini. Gawanya tofauti kwa 3.14, unapata silinda imelika kiasi gani.

Kabla krenki haijaingia, angalia plagi za njia za oili. Mbele, nyuma ya gia ya taimingi, zipo tatu za kugonga. Nyuma za kufunga kwa nyuzi. Moja imejificha chini ya kepu ya meni ya mwisho, ndani ya tundu, na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu waliochemsha bloku huitoa na hakuna anayeiona tena. Ikikosekana, oili haipiti kwenye filta. Presha itasoma vizuri kabisa, huku uchafu wote ukizunguka kwenye metali mpya.

Krenki: metali za meni ziwe kavu nyuma, oili mbele. Pima nafasi kwa plastigeji (uzi laini wa plastiki unaobanwa na kepu, kisha unapimwa upana), lenga thau 2 hadi 2.5, na konrodi hivyo hivyo. Kepu kila moja na namba yake, mshale kuelekea mbele. Metali ya kuzuia krenki isitembee mbele na nyuma ni ile ya tano, ya nyuma. Kabla ya kukaza kepu hiyo, igonge krenki kwa nyundo ya mbao kwenda nyuma kisha mbele, ili nusu mbili za metali zilingane, ndipo ukaze. Krenki itembee thau 2 hadi 6, basi. Boliti za meni 95 Nm. Kama bloku yako ni ya boliti nne kwa kepu, zile za nje ni 88.

Sili ya nyuma ya krenki kwa injini ya mwaka huo ni ya vipande viwili. Mdomo unatazama ndani ya injini. Usikate wala kuacha ncha zake zikutane sawasawa na mkato wa kepu. Zungusha sili ili ncha zitokeze kama milimita 10 upande mmoja, na ule wa pili zizame kiasi hicho hicho, kisha tia silikoni kidogo sana kwenye mkato wa kepu. Sili za baada ya 1985 ni za kipande kimoja, haziingii hapo. Ukiagiza "sili ya 350" bila kutaja mwaka, wataleta yoyote.

Pistoni: alama iliyokatwa juu inatazama mbele. Konrodi: vile vikato vya kushikia ulimi wa metali vinatazama nje, upande wa ukuta wa sampu, si upande wa kamshafti. Hapa ndipo watu hugeuza, kwa kuwa pistoni mpya imekuja bila konrodi na fundi wa presi amebonyeza pini bila kuuliza ni ya upande gani wa V. Nne ni za kushoto, nne ni za kulia. Ukikosea, ubavu wenye pembe pana unakaa mahali pasipo na kona ya mviringo ya krenki, na ule mkali unaikata. Ringi ya juu pengo thau 16 hadi 18, ya pili ongeza thau 2. Nukta ya ringi juu. Nati za konrodi 61 Nm, nyuzi zikiwa na oili. Valisha boliti za konrodi mipira ya petroli unapoingiza, zisikwaruze jono uliyotoka kuilipia.

Boliti za silinda hedi ziko 17 kila upande, na kwenye injini hii zinaingia kwenye njia za maji. Kila moja ipakwe dawa ya nyuzi isiyokauka. Fundi wa Kijapani hatafikiria jambo hilo, kwa sababu injini alizozizoea mashimo yake yamefungwa chini. Usipopaka, maji yatapanda kupitia nyuzi hadi chini ya kava za roka, utaona oili ya maziwa, utafikiri gasketi imeungua, utafungua hedi bure. Kaza kwa hatua tatu, 40, 65, kisha 88 Nm, ukianzia katikati kwenda nje.

Puli kubwa ya krenki yenye mpira haigongwi kwa nyundo. Inavutwa kwa boliti ndefu na nati. Ukigonga, nguvu yote inaishia kwenye ile metali ya tano. Angalia pia kama mpira wake haujateleza, maana alama ya taimingi imechorwa kwenye ule mkanda wa nje. Ukiteleza, taa ya taimingi itakudanganya.

Uyole350

Hii ni darasa. Swali dogo: kamshafti haina mikwaruzo, tapeti zinaonekana nzuri. Nirudishe? Na taimingi, zile nukta mbili zikitazamana ndiyo silinda ya kwanza inawaka?

NatiNusuInchi

Nukta zikitazamana, ya krenki juu na ya kamshafti chini, pistoni ya 1 iko juu lakini inayowaka ni ya 6. Ukipachika distribyuta hapo ukaelekeza rota kwenye waya wa 1, injini itapiga makombora kwenye kabureta na kukataa kuwaka. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, nukta zote mbili ziwe juu, ndipo 1 inawaka. Mfuatano ni 1-8-4-3-6-5-7-2, rota inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka juu.

Tapeti kwenye kamshafti: tapeti ya zamani inarudi kwenye kemu ile ile iliyokuwa nayo, vinginevyo hapana. Kama hukuziandika namba wakati unazitoa, nunua kamshafti na tapeti 16 mpya. Kitako cha tapeti si bapa, kina mviringo mdogo usioonekana kwa macho, na kemu ina mteremko mdogo. Hivyo viwili ndivyo vinavyoizungusha tapeti. Ikishakuwa na kitako kilicholika na ukaipeleka kwenye kemu nyingine, haizunguki. Isipozunguka inakwaruza, na ndani ya dakika chache kemu inaanza kuwa duara. Weka rula kwenye kitako, ukiona mwanga pembeni mwa rula ipo sawa, ukiona mwanga katikati imekwisha.

Kurekebisha valvu kwa tapeti za oili: silinda ya 1 ikiwa juu na inawaka, rekebisha egzosti za 1, 3, 4, 8 na intake za 1, 2, 5, 7. Zungusha krenki mara moja, ya 6 sasa, malizia egzosti 2, 5, 6, 7 na intake 3, 4, 6, 8. Kila moja: kaza nati ya roka huku unapandisha na kushusha pushirodi kwa vidole mpaka mchezo uishe, kisha ongeza nusu mzunguko. Kitabu cha kiwanda kinasema mzunguko mmoja mzima, nao uko sawa, ila nusu inatosha. Usitumie kuzunguka kwa pushirodi kama kipimo, vidole vinadanganya.

MakambakoJunction

Hapo kwenye kuwasha ndipo naona hatari zaidi, kwa sababu mazoea yetu ni kuwasha injini mpya na kuiacha silensi nusu saa "izoee". Kwa 350 hiyo ni kuua kamshafti. Kwenye silensi tapeti zinapata oili kidogo, maana kamshafti inalainishwa na oili inayorushwa na krenki, na krenki ikizunguka polepole hairushi kitu. Kemu na tapeti mpya zinataka mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika tangu mwanzo, ukipandisha na kushusha kidogo, kwa dakika 20 hadi 30. Lazima kuzima kwa sababu ya uvujaji? Zima kabisa, tengeneza, ukiwasha rudi moja kwa moja kwenye 2,000.

Ili iwake mara moja bila kuzungushwa na stata dakika tano, kila kitu kiwe tayari. Jaza bakuli la kabureta kupitia tundu la hewa. Platini kwenye distribyuta, pengo thau 19 zikiwa mpya, ukipima kwa mita iwe nyuzi 30. Plagi thau 35.

Oili ijazwe kila njia kabla. Chukua distribyuta kuukuu ya Chevrolet V8, toa gia yake ya chini, ipachike, izungushe kwa drili kufuata mshale wa saa. Wengine huchukua fimbo ya bapa tu na kuizungusha pampu. Pampu itazunguka, lakini mwili wa distribyuta ndio unaoziba njia ya oili pale nyuma. Bila huo, oili inamwagika ndani na roka za upande mmoja zinabaki kavu. Endelea huku mtu anazungusha krenki robo robo, mpaka roka zote 16 zitoe oili.

Oili yenyewe: za petroli za kisasa, kuanzia API SM, zimepunguziwa zinki na fosforasi kwa ajili ya vichujio vya moshi. Tapeti bapa zinaishi kwa zinki. Tumia ya dizeli 15W-40 yenye API CI-4, inapatikana vituo vingi. Lita 4.7 pamoja na filta. Baada ya ile nusu saa ya kwanza imwage yote, badilisha filta, ikate uangalie. Chembe zinazong'aa kama vumbi la fedha ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kidole si kawaida. Mwaga tena kilomita 800.

Ringi zinakaa kwa mzigo, si kwa upole. Chimala hadi Igawa barabara ni tambarare: kanyaga kutoka 50 hadi 80 km kwa saa, achia ishuke yenyewe, rudia mara kumi na zaidi. Usibebe mzigo, usiivute Kitonga wiki ya kwanza. Presha ya oili ikiwa ya moto iwe angalau psi 10 kwa kila mizunguko 1,000.

Mkwawa_V8

Nimerudi na jeti. Hewa nyepesi ya Mbeya inafanya kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari imwage mafuta zaidi ya inavyotakiwa, kama asilimia 8. Plagi zinakuwa nyeusi kavu na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda mpya. Kwenye Quadrajet namba ya jeti ni kipenyo chake kwa thau. Kama umekuta jeti za 73 na sindano za 43, nenda 71. Uwazi kati ya jeti na sindano unapungua asilimia 8, ndicho unachokitafuta. Anza na namba mbili, soma plagi, usikimbilie nne.

Ila kama gari linateremka Dar mara kwa mara na mzigo, mimi nisingegusa jeti. Iliyopangwa kwa Mbeya ikifika Morogoro inakuwa kavu, inagonga kwenye mlima, na valvu za egzosti ndizo zinazolipa. Kula mafuta kidogo zaidi huku juu ni nafuu. Taimingi vivyo hivyo: jumla ya nyuzi 36 bila hozi ya vakyumu, kwenye mizunguko 3,000, inakaa vizuri. Mbeya itavumilia 38, Dar haitavumilia.

Maji kwenu huchemka kama nyuzi 94, si 100. Kifuniko cha redieta kiwe cha psi 15 na kishike kweli, themostati ya nyuzi 82 iwepo. Kuna watu wanaing'oa wakidhani wanaipoza. Injini inabaki baridi, oili inakusanya maji, ringi hazikai. Kulizi (dawa ya maji ya redieta) uweke, hata kama hulali Makete wala Kitulo kwenye theluji ya asubuhi. Kazi yake kubwa ni kuzuia kutu kwenye bloku la chuma.

FundiMaikromita

Kaka hapo juu ameandika theluji, ni jalidi. Mengine yote nakubali.

Uyole350

Nimeelewa. Oda inakwenda hivi: pistoni 8 za inchi 4.030 bapa, pini hadi juu 1.560, ringi zake, metali za konrodi za 10, za meni standadi, kamshafti na tapeti 16, gia na cheni ya taimingi, pampu ya oili na fimbo yake, seti ya gasketi yenye sili ya vipande viwili, plagi zote za bloku. La mwisho: spana zangu zote ni za milimita. Nitafika nazo?

NatiNusuInchi

Robo tatu ya njia. 16 inashika vizuri boliti za 5/8 za hedi na meni, maana 5/8 ni 15.88 mm. 13 inashika 1/2 kwa kubahatisha. Nati za konrodi na boliti za intake ni 9/16, yaani 14.29: 14 haiingii, 15 inacheza na kula kona. Nunua soketi ya 9/16 ya pembe sita, usikubali ya pembe kumi na mbili. Na ongeza kwenye oda boliti na nati mpya za konrodi. Zibadilishwe kabla konrodi hazijaenda kupimwa uduara, si baada.